Maiki ya kurekodi galatoni nyumbani: shajara ya mradi

Jumamosi, 18 Januari 2025

Mjomba amekubali. Ana nafasi ya kurekodi hadi mwisho wa Februari, na nyimbo zake za galatoni, gitaa kavu lisilo la umeme, tutazirekodi hapa hapa nyumbani Sinza, Dar, chumba cha nyuma. Muda ni mfupi kwa sababu Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Machi, na mwezi huo Mjomba hagusi gitaa. Baada ya Idi atarudi Kigoma, na sijui lini tena nitampata kwa wiki kadhaa mfululizo.

Mjomba anapiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembeza besi bila kusimama, shahada inachomoa wimbo juu yake, na ukifumba macho utadhani ni watu wawili. Ndiyo mtindo uliovuka ziwa kutoka Katanga, ule ambao mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco aliupiga mbele ya Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, kule Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka kama 22. Mjomba aliupokea kwa redio na kwa watu waliokuja Kigoma na magitaa yao. Nataka hivyo vidole viwili visikike kila kimoja kwa nafasi yake.

Rekodi nilizonazo za simu hazifikii hapo. Simu inaishusha sauti yenyewe pale Mjomba anapokaza, inaipandisha anapolegeza, na mwisho wa noti, pale uzi unapofifia polepole, programu ya simu inadhani ni kelele na kuukata. Kwa mpigaji wa aina yake, huko kufifia ni sehemu ya wimbo.

Vifaa vilivyopo: kompyuta mpakato, intafesi (kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) ya Focusrite Scarlett 2i2, hedfoni za kufunika masikio. Kinachokosekana ni maiki. Nimetenga laki tano, na humo humo zitoke waya na stendi.

Jumapili, 26 Januari

Wiki nzima nimekuwa nikiuliza watu. Kila niliyemuuliza alitaja jina la maiki kabla hajauliza chumba kikoje, isipokuwa fundi mmoja wa studio aliyeniambia: "Kwanza kapige makofi chumbani, usikilize yanarudije." Nimefanya hivyo leo.

Chumba kina takriban mita tatu kwa tatu na nusu, kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, dirisha moja la vioo linaloangalia barabara ya bajaji. Ukipiga kofi katikati linajibu kwa mlio mkali wa haraka, kama bati limeguswa. Mlio huo ndio utakaoingia ndani ya kila noti, maiki iwe ya laki moja au ya milioni kumi.

Nimetandika mkeka na juu yake blanketi mbili nzito. Godoro la sponji la inchi sita nimelisimamisha ukutani. Vitenge nilivyotundika dirishani havikusaidia kitu, ni vyepesi mno, nimevitoa. Godoro ndilo lililoleta tofauti ya kusikika mara moja, hasa lilipokaa nyuma ya kiti cha Mjomba. Sababu yake ni kwamba maiki nyingi za kurekodia husikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma, mtindo unaoitwa kardioidi. Maiki ikimtazama Mjomba, inatazama pia ukuta ulio nyuma yake. Basi hapo ndipo pa kuweka sponji. Dirisha nalo liwe mgongoni mwa maiki, upande ambao haisikii vizuri.

Nimepima ukimya kwa programu ya simu, dirisha limefungwa na feni imezimwa: kati ya desibeli 38 na 42 mchana. Simu si kipimo cha maabara, lakini namba hiyo imenisaidia kuliko ushauri wote wa wiki. Kampuni ya Rode wanaitangaza maiki yao ya NT1 kwa kelele ya ndani, ile inayotolewa na maiki yenyewe, ya desibeli 4 tu. Audio-Technica AT2020, iliyo nafuu zaidi, ina desibeli 20. Katika studio iliyofungwa kweli kweli tofauti hiyo ina thamani ya pesa yake. Katika chumba chenye 40, kelele ya chumba inazimeza zote mbili, na wewe utakuwa umelipia ukimya usioweza kuusikia. NT1 nimeifuta kwenye orodha, ingawa ni maiki nzuri sana.

Nimefuta pia maiki zote za USB. Zinavutia kwa sababu hazihitaji intafesi, lakini mimi ninayo tayari, na nikitaka kuongeza maiki ya pili kwa ajili ya sauti ya kuimba, maiki mbili za USB ni shida kuzifanya ziende kwa mwendo mmoja ndani ya kompyuta.

Jumamosi, 1 Februari

Leo Kariakoo, kuangalia bei. Duka moja lilikuwa na Shure SM57 "mpya" kwa bei ya chini kuliko ninavyoona kwingine kote. SM57 ipo sokoni tangu 1965, kila jukwaa lina moja, na kwa sababu hiyo hiyo bandia zake ni nyingi mno. Halisi ina uzito wa gramu 284. Nilimwomba muuzaji ruhusa, nikaipeleka kwa mama wa viungo jirani yake, akaipima kwenye mizani yake ya iliki. Haikufika hata 250. Nilimrudishia kwa adabu na kumwambia uzito unaotakiwa. Ukienda kununua maiki hiyo, au dada yake SM58 ya gramu 298, jua namba hizi kabla hujatoa pesa.

Jumanne, 4 Februari

Rafiki anayepiga kwenye bendi amenipa SM57 yake halisi kwa wiki chache. Mwingine, anayefanya vipindi vya mazungumzo mtandaoni, amenipa AT2020. Hapa niliingia kujibu swali moja lililonisumbua, kwa sababu kila mtu analisema kwa uhakika: kwamba maiki ya kondensa (aina inayohitaji umeme, kama AT2020) inanasa kelele zote za mtaa, na kwamba nyumbani utumie dainamiki (isiyohitaji umeme, kama SM57).

Nilimkaribisha Mjomba saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule. Nikaziweka maiki zote mbili mahali pamoja, vichwa vimekaribiana, sentimita 25 kutoka freti ya 12, kile kichuma cha 12 kwenye shingo ya gitaa. Mjomba akapiga kipande kile kile cha besi na shahada, nami nikazungusha geini, kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti ya maiki, mpaka gitaa likawa na ukubwa mmoja kwenye njia zote mbili. Hapo ndipo pa muhimu. Watu wengi wanalinganisha bila kusawazisha, na kwa sababu AT2020 inatoa umeme mwingi kuliko SM57, karibu desibeli 19 zaidi kwa sauti ile ile, wanasikia kila kitu kikiwa kikubwa na kusema imenasa kelele.

Gitaa lilipokuwa sawa, Mjomba alinyamaza, nikawasha feni na kurekodi feni peke yake. Kisha nikasikiliza moja baada ya nyingine. Feni ilikuwa na ukubwa ule ule kwenye zote mbili! Bajaji iliyopita nje, vile vile. Maiki mbili za kardioidi zikiwa umbali mmoja kutoka kwenye gitaa zinapokea uwiano uleule wa gitaa na kelele. SM57 inasifiwa kwa ukimya kwa sababu ya jukwaani, ambako mwimbaji ameigusa kwa mdomo na spika ya gitaa iko sentimita tano. Umbali ndio unaofanya kazi hiyo.

Kwa nini umbali una nguvu hivyo: ukiupunguza kwa nusu, gitaa linapanda takriban desibeli 6 huku kelele ya mtaa ikibaki pale pale, maana mtaa haujasogea. Kutoka sentimita 60 hadi 30 umepata hizo 6 bure. Hakuna maiki ya bei hiyo itakayokupa hicho kiasi.

Tatizo la SM57 lilijitokeza kwingine, feni ilipozimwa. Ili gitaa la vidole lisikike ilinibidi nifikishe geini karibu na mwisho, na hapo intafesi yenyewe ikaanza kutoa mvumo wake, *shhh* laini chini ya kila noti. Mjomba hakazi nyuzi. Anapiga kama mtu anayezungumza na mtu aliyekaa naye jamvini. Kwa mpigaji wa kukwangua nyuzi zote kwa plastiki, SM57 ingetosha kabisa.

Halafu kuna ukucha. Mjomba anafuga ukucha wa shahada, na kila unapogusa uzi wa chuma kuna kimlio kidogo cha juu kabla noti haijafunguka. SM57 inaanza kuanguka kabla ya kilohezi 15 na kimlio hicho inakilainisha. AT2020 inakileta kizima. Nilimpa Mjomba hedfoni, akasikiliza zote mbili bila kujua ipi ni ipi. Kwenye SM57 alisema, "Hili ni gitaa." Kwenye AT2020 aliinua kile kidole cha shahada, akakitazama, akasema, "Na huyu ndiye mimi."

Jumamosi, 8 Februari

Umeme ulikatika saa tatu usiku, tukapata robo saa ya ukimya wa ajabu kabla jenereta za jirani hazijaanza. Friji zote kimya, redio zote kimya. Intafesi inakula umeme wa kompyuta kupitia USB, na hata volti 48 ambazo kondensa inazihitaji zinatoka humo humo, kwa hiyo tulirekodi kwa betri bila tatizo.

Kitu cha ziada nilichokigundua: ule mlio wa chini, *mmm* wa hezi 50, uliokuwa ukinifuata tangu Jumanne haukuwepo. Umeme uliporudi nikachomeka chaja ya kompyuta, ukarudi. Nikachomoa, ukaondoka. Kuanzia sasa tunarekodi kwa betri tu, chaja inakaa sebuleni.

Hizo volti 48 zina hadithi ninayoipenda. Mwaka 1966 kampuni ya maiki ya Neumann waliitengenezea redio ya taifa ya Norwei maiki ndogo ya kondensa, KM84, itakayopokea umeme kupitia waya ule ule unaopeleka sauti. Studio zile zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, basi ndio uliotumika, na dunia nzima ikafuata. Kitufe cha 48V kwenye intafesi yangu ya Sinza kimetokana na taa hizo.

Jumanne, 11 Februari

Siku ya mahali pa kuweka maiki. Nimeamua ni AT2020, au kondensa nyembamba ya aina ya kalamu ikipatikana. Lakini kabla ya kununua nilitaka kujua tutaiweka wapi, kwa sababu mahali ndipo panapobadilisha sauti zaidi ya kitu kingine chochote nilichojaribu mwezi huu.

Mbele ya tundu la gitaa: besi inafura. Hewa iliyo ndani ya gitaa ina mlio wake karibu na hezi 100, inatoka kwa nguvu hapo tundu, na gumba la Mjomba linaishi maeneo hayo hayo. Zaidi ya hapo, maiki ya kardioidi yenyewe huongeza besi ikisogea karibu. Vikikutana hivyo viwili, shahada inapotea kabisa.

Karibu na daraja: kavu, pua nyingi, mbao kidogo. Juu ya bega la Mjomba, ikitazama chini kule masikio yake yaliko: nilidhani ingependeza, na kweli ilikuwa na ukaribu wa kibinadamu, ila ilileta pumzi zake zote. Freti ya 12, ambapo shingo inakaribia kuungana na mwili, maiki ikigeuzwa kidogo kuelekea tundu lakini isilitazame moja kwa moja: gumba lina mwili, shahada ina mwanga. Kwa sentimita 15 nilisikia kipande cha gitaa badala ya gitaa. Kwa 40 chumba kikaanza kuzungumza. Sentimita 25 hadi 30 ndiyo, nikaweka alama ya gundi ya karatasi sakafuni kwa miguu ya kiti na kwa miguu ya stendi.

Mjomba anatikisika anapopiga. Hilo lilinipa sababu ya kuomba kuazima Rode NT5 moja kwa mchana, kalamu ya kondensa yenye diaframu (utando unaopokea sauti) ndogo. Maiki za aina hii zina tabia ya kubaki na rangi ileile hata chanzo cha sauti kikihama pembeni, na ilikuwa hivyo: Mjomba aliinama kushoto, akarudi, sauti haikubadilika. Kwenye AT2020 mabadiliko yalikuwepo, kidogo, ukisikiliza kwa hedfoni. Ningekuwa na pesa ningechukua NT5 bila kufikiri. Lakini bei yake moja inavuka laki tano zangu kabla hata ya waya, na kosa hilo dogo linatibika kwa kiti kisichozunguka na mto nyuma ya mgongo wa Mjomba.

Alhamisi, 13 Februari

Nimenunua AT2020, mpya, kwenye duka nililoelekezwa na yule fundi wa studio. Sandukuni kuna kishikio na mfuko laini. Waya wa maiki, wa XLR, nimenunua wa mita tatu, na stendi nzito yenye mkono. Chenji imebaki.

Kwa anayenunua maiki hii kwa mara ya kwanza: inasikia ubavuni, upande wenye nembo, si kichwani. Na hapa pwani unyevu ni adui wa kondensa. Yangu inalala ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Haikai kwenye stendi usiku.

Jumanne, 18 Februari

Kuimba. Mjomba hawezi kupiga bila kuimba, na akijaribu, gitaa lenyewe linapoteza njia. Kwa hiyo lazima vyote virekodiwe kwa pamoja.

Jaribio la kwanza, maiki moja kwa vyote. Tracey alirekodi hivyo sehemu kubwa ya kazi yake, na alikuwa na desturi ya kuishika maiki mkononi na kuisogeza kati ya sauti na chombo kadiri wimbo unavyokwenda. Niliinua AT2020 hadi usawa wa kifua, sentimita 45, katikati ya mdomo na freti ya 12. Ina ukweli wake: unamsikia mtu mmoja aliyeketi mahali pamoja. Ila kwa umbali huo chumba kimerudi, na Mjomba akipandisha sauti gitaa linafunikwa, wala huwezi kurekebisha baadaye.

Jaribio la pili, SM57 ya rafiki kwenye mdomo, sentimita 8, na AT2020 kwenye gitaa. Hapa SM57 iko nyumbani kwake: sauti ya mtu ina nguvu, geini haihitajiki nyingi, mvumo haupo. AT2020 nimeiinua kidogo na kuiinamisha kuelekea freti ya 12, mgongo wake ukitazama juu kwenye mdomo. Kuhusu sauti mbili kugombana nilifuata kanuni ya wazee wa studio: maiki ya pili iwe mbali na chanzo cha kwanza angalau mara tatu ya umbali wa maiki yake yenyewe. Mdomo una maiki yake kwa sentimita 8, na ile ya gitaa iko zaidi ya 40 kutoka hapo. Upande wa gitaa kanuni haikutimia kikamilifu, kwa hiyo nilipima kwa masikio: njia zote mbili kwenye mono, yaani zikichanganywa kuwa sauti moja, kisha kugeuza polariti ya moja, yaani kupindua wimbi lake juu chini. Ilipogeuzwa besi ilipungua na gitaa likawa jembamba. Ilipokuwa kawaida gumba lilirudi. Basi inabaki kawaida.

Vipimo vya kubaki navyo: biti 24, kilohezi 48, kilele cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya ukomo. Mjomba akichangamka anapanda, na nafasi hiyo anaijaza.

Jumanne, 25 Februari

Nyimbo saba zimekamilika, kila moja ikiwa mkupuo mmoja bila kuungwa. Sijagusa chochote kwenye gitaa isipokuwa kupunguza kidogo chini ya hezi 80, kwa sababu uzi mnene kabisa unaanzia hezi 82 na chini ya hapo kilichopo ni malori ya barabara kuu tu.

Mjomba alisikiliza zote kwa hedfoni, mikono magotini. Kwenye wimbo wa nne akaniambia nirudishe nyuma, akasikiliza mahali pamoja, akasema gumba limechelewa na tuurudie kesho asubuhi. Mimi nilikuwa nimeusikia mara nyingi na sikuwahi kugundua. Nikarudi kuusikiliza polepole, na ni kweli, besi moja imekuja nyuma kidogo ya shahada.

Kesho saa nne tunaurudia. SM57 lazima irudi kwa mwenyewe Alhamisi, hivyo sauti zote zilizobaki ziishe kesho. Chenji ya laki tano nimeiweka kando kwa ajili ya kuanza kununua yangu, na itapimwa kwa mama wa viungo kabla sijalipa.